Gari Lililoshonewa Mwingine

Mtu akinunua shati la mtumba hatarajii limkae kama lile la kushonewa. Mikono ikimzidi ataikunja, kola ikimkaba atafungua kifungo cha juu, na maisha yataendelea. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya huanza siku shati lile linapochanika mgongoni, watu wakamzunguka aliyelivaa na kumkaripia kwamba mgongo wake ni mpana mno. Sisi abiria wa bonde la Kilombero tumekaripiwa hivyo kwa miaka mingi. Gari likipinduka, au likilala topeni usiku kucha kati ya Lupiro na Malinyi, huitwa mkutano na lawama hugawiwa: dereva ana tamaa, utingo ana kiburi, na abiria naye ni mjinga anayekubali kushindiliwa kama dagaa. Huenda yote ni kweli. Lakini sijapata kuhudhuria mkutano hata mmoja ambamo mtu alisimama akauliza swali jepesi: gari lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Nathubutu kulijibu. Noah haikutengenezwa kwa ajili yetu. Jina hilo tumelizoea kiasi kwamba mtoto wa Mngeta hulitamka kabla hajajua kuandika la kwake, na mazoea yana tabia ya kufunika maswali. Toyota waliitoa mwaka 1996 kwa jina la TownAce Noah, na mwaka 2001 wakaiunda upya na kuiita Noah tu. Ni gari la watu wanane: baba, mama, watoto, pengine na bibi, wanaokwenda dukani au matembezini siku ya mapumziko juu ya lami. Upana wake ni milimita 1,695. Kwa nini zisiwe 1,750? Kwa sababu sheria za Japani huliweka gari katika fungu la magari madogo ya abiria iwapo upana wake hauzidi mita 1.7, urefu mita 4.7, kimo mita 2 na injini ya petroli lita 2. Waliolichora walisimama milimita tano kabla ya mstari. Kwa hiyo, mama yangu wa Mtimbira, bega lako linapogandamizwa kwenye kioo na kisigino cha mtu kikiwa juu ya kikapu chako cha kambale, aliyekubana wa kwanza si yule utingo. Ni karani mmoja wa Tokyo, ambaye wala hakuwa na ubaya nawe. Hakukujua.

Na kwa nini limefika huku? Wajapani wana ukaguzi wa lazima wa magari uitwao shaken. Gari jipya la familia hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, si za kuchezea. Gari likianza kuzeeka mwenyewe huona heri aliuze kuliko kulipigania. Nasi, kwa kuwa Mwingereza alituachia desturi ya kupita kushoto, usukani wao unatufaa bila kubadilishwa. Likateremshwa bandarini Dar es Salaam, likanunuliwa, likaletwa. Bei yake tunaiweza, vipuri vyake vimejaa maduka, usukani uko kulia. Sizidharau sababu hizo hata kidogo. Mtu mwenye milioni chache alizozipata kwa mpunga hawezi kungoja gari la ndoto. Ila katika sababu zote hizo sioni mahali palipoandikwa kwamba gari linaifaa njia.

Maana haliifai. Ile Noah iliyounganishwa upya mwaka 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele. Zipo zinazovuta kwa yote manne, lakini tuseme hii ya kawaida. Kwenye lami ni mpango mzuri, unaiacha sakafu chini na kupunguza uzito. Sasa ipakie watu wa bonde: viti vya nyuma vimejaa, buti limepokea magunia mawili na ndoo za mafuta, na katikati ya viti kuna kibao walichokaa wengine watatu. Uzito wote umelemea nyuma, pua imeinuka, na magurudumu yanayotakiwa kuvuta ndiyo mepesi kuliko yote. Lifikishe hivyo kwenye mwinuko wenye udongo mweusi wa mfinyanzi uliolowa mvua ya Aprili. Dereva anakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka palepale kama ya cherehani, na gari linaanza kurudi nyuma polepole kuelekea mtaroni. Hapo hata malaika akipewa usukani atalaumiwa.

Nilikuwa ndani ya gari la namna hiyo masika moja, tukitoka upande wa Malinyi kuja Ifakara. Tulikuwa kumi na watatu, bila kuhesabu watoto wa kupakatwa. Katika kiti cha katikati alikuwamo binti mjamzito aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa, na mama mkwe wake amemshika kiuno. Tulipokwama mara ya kwanza wanaume tulishuka kusukuma. Mara ya pili tukashuka wote isipokuwa yeye. Mara ya tatu utingo, kijana mwenye adabu zake, alimwinamia akasema, "Dada, nisamehe sana, gari haliwezi kupanda na wewe ndani." Yule mama mkwe hakumtukana. Alimwambia tu, "Mwanangu, na yeye hawezi kupanda na mtoto ndani." Tulimpandisha kile kilima kwa miguu, watu wawili wamemshika huku na huku, wa tatu ametangulia kuchimbua vidato kwa jembe. Walifika salama, yeye na mtoto wake. Nasimulia kwa kuwa siku ile hapakuwa na mwovu ndani ya gari lile. Dereva alijua kazi yake. Mwenye gari alikuwa amelifanyia matengenezo kwa fedha za mkopo. Kilichokosekana ni gari.

Msomaji atauliza, je, mahali gani duniani mkulima wa kawaida ametengenezewa gari lake? Nitamjibu kwa kumpeleka Liuzhou.

Liuzhou ni mji wa jimbo la Guangxi, kusini mwa China. Guangxi inalima mpunga, na katika miwa ndiyo inayoongoza nchi nzima. Mkazi wa Kidatu akitua huko leo atatazama mashamba aone kama hajatoka nyumbani. Katika mji huo palikuwa na kiwanda cha matrekta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 matrekta yalipokosa wanunuzi, mafundi wake walilitazama gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Minicab, wakaunda la kwao kwa kuliiga. Halikuwa jambo la kujivunia sana. Kuiga ni kuiga. Lakini hawakuishia hapo. Kiwanda kiliingia ubia na kampuni ya magari ya Shanghai, SAIC, pamoja na General Motors ya Marekani, na mwaka 2002 ubia huo ukatoa kigari kiitwacho Wuling Sunshine, kisha mwaka 2010 Wuling Hongguang. Hili la pili ndilo ningependa kila diwani wetu alitazame kwa makini. Injini iko mbele lakini nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, kule kwenye mzigo. Injini ni ndogo, ya lita moja na kitu. Viti vya nyuma vinaondoshwa njiani: asubuhi gari limebeba mboga na nguruwe, jioni limebeba harusi. Halina urembo, na halikuombwa kuwa nao. Liliuzwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka, likawa miongoni mwa magari yaliyonunuliwa kuliko yote katika China nzima, na wanunuzi wake wengi walikuwa watu wa vijijini na miji midogo. Wachina wenyewe huviita vigari vya jamii hiyo kwa jina la mkate, kwa kuwa umbo lake ni kama mkate wa boflo. Watu hawakipi jina la chakula kitu wasichokiona kuwa chao.

Na mabwana wakubwa nao walishonewa. Mwaka 2000 ubia wa General Motors na SAIC ulianza kuwauzia Wachina gari liitwalo Buick GL8, ambalo asili yake ni gari la akina mama wa Kimarekani la kupelekea watoto shuleni. Lilipotua Shanghai likabadilika shughuli, likawa gari la mkurugenzi anayeendeshwa. Toleo la pili, la mwaka 2010, lilichorwa palepale Shanghai katika kituo cha uhandisi kiitwacho PATAC, kilichoanzishwa na kampuni hizo mbili mwaka 1997. Marekani mwenye gari hukaa mbele na kushika usukani, hivyo starehe iko mbele. China mwenye gari hukaa safu ya pili, hivyo starehe ikahamia safu ya pili. Waama, sina haja na starehe ya wakurugenzi. Nataka tu msomaji aone kwamba gari si kitu kilichoteremka kutoka mbinguni kikiwa kamili. Mtu fulani huamua ni nani atakaa wapi, na huamua hivyo baada ya kumtazama atakayekaa.

Wapo watakaosema Wachina wamepata hayo kwa kuwa ni wengi. Ni wengi kweli. Lakini walikuwa wengi hata walipokuwa wakipanda baiskeli. Jambo jingine lililowasaidia ni kwamba serikali yao iliweka sharti: kampuni ya kigeni inayotaka kuunda magari ya abiria nchini mwao sharti iingie ubia na kampuni ya kwao, na isimiliki zaidi ya nusu. Sharti hilo halikuondolewa kwa magari yote ya abiria mpaka mwaka 2022. Mgeni alikaribishwa, akaambiwa avue viatu, akaketi na wenyeji mezani. Sisi mgeni wetu ni gari lenyewe, kuukuu, limekuja peke yake, na hatuna wa kumwuliza.

Tena bonde hili lina haki ya kuyajua haya kuliko sehemu nyingine za nchi, kwa sababu limekwisha kushonewa vazi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, haikutolewa stoo ya mtu ikaletwa kuukuu. Wapimaji walitangulia, Wachina na Watanzania, wakakatiza mbuga na mito ya bonde hili, wakaupanda ukingo wa milima kutoka Mlimba kwenda Makambako, na sehemu hiyo moja ya kilomita zipatazo 158 ikatakiwa mahandaki 18. Kila daraja lilipimwa kwa mto wake. Unaweza kuilaumu TAZARA kwa mengi yaliyofuata, na mimi nimepata kulala kituoni Ifakara nikiingoja, lakini haiwezi kusemwa kwamba ilichorwa kwa ajili ya mji mwingine.

Mfano mwingine u karibu zaidi. Mwaka 1996 na 1997, watafiti wa malaria walipotaka watu wa wilaya za Kilombero na Ulanga walale ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa, hawakuja na shehena ya vyandarua walivyovichoka wengine. Mradi ule uliitwa KINET. Walianza kwa kuuliza watu wanapenda chandarua cha namna gani, na bidhaa ikapewa jina ambalo bibi yeyote wa Namawala angelielewa: Zuia Mbu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mwananchi wa kawaida hana la kusema akiulizwa vipimo. Aliulizwa kuhusu chandarua akajibu. Kuhusu gari hajaulizwa.

Naijua hoja inayokuja, maana nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu: Afrika imekwisha kujaribu, ikaaibika. Watanikumbusha Nyayo Pioneer ya Kenya, iliyoagizwa na Rais Moi mwaka 1986, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaihangaikia, magari machache ya majaribio yakaonyeshwa kwa shangwe mwaka 1990, na baada ya hapo isiwe biashara. Watanikumbusha Mobius, iliyoanzishwa hukohuko Kenya mwaka 2009 kwa nia njema kabisa ya kuunda gari gumu na rahisi la njia za vijijini, na ambayo mwaka 2024 ilitangaza kufunga milango kwa madeni. Na hapa kwetu watataja Nyumbu ya Kibaha, lori la wakati wa Mwalimu.

Sikatai hata moja. Ila hayo si mashtaka ya aina moja. Pioneer lilikuwa saluni. Lilitakiwa lithibitishe kwamba Mwafrika naye anaweza, na gari lililoundwa ili kuthibitisha jambo huwa limekwisha kazi siku ya maonyesho. Mobius ilikuwa na wazo sahihi, lakini iliingia katika soko lililojaa mitumba ya Kijapani ambayo gharama zake za kuundwa zilikwisha kulipwa na mtu mwingine. Nani atashindana na shati la bure? Nami siombi kiwanda cha magari Ifakara. Nikiombe ili kiwe nini? Mang'ula palikuwa na karakana kubwa iliyoachwa na ujenzi wa reli, ikageuzwa kiwanda cha zana na vipuri chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, na kikaja kusimama. Liuzhou walikuwa na cha matrekta, sisi tulikuwa na cha Mang'ula. Sitaki kulia juu ya hilo leo. Kilio chake ni kirefu.

Ninachokiomba ni kidogo zaidi, na ndiyo maana nakasirika kwamba hakipo. Naomba bodi. Chasi ya lori dogo, yenye kuvuta kwa nyuma, inanunuliwa popote. Kinachokaa juu yake tunaweza kukiunda, na mafundi wa pwani hii wamekuwa wakikiunda tangu zamani. Nenda Unguja ukatazame magari ya abiria ya shamba: chasi ni ya lori dogo, lakini juu yake seremala amejenga nyumba ya mbao, ubavu wazi kwa upepo, mabenchi yametazamana, juu paa la kuchukua ndizi na vikapu. Hakuna aliyemtuma seremala yule chuo cha uhandisi. Aliangalia abiria wake na mizigo yao na joto lao, akapiga randa. Na hapa Ifakara, mji wa baiskeli, hebu simama karibu na soko uangalie keria za wabeba mpunga na mkaa. Baiskeli ilikuja na keria ya kubebea mkoba wa karani. Fundi wa hapa ameing'oa, akachomea ya nondo inayobeba gunia, akaongeza mhimili mpaka kwenye ekseli. Hayo ndiyo maendeleo ya chombo. Yalifanyika kwenye baiskeli kwa kuwa baiskeli fundi anaiweza bila kibali cha mtu. Kwenye gari la abiria hawezi, wala sipendi afanye kwa kuotea, kwa sababu gari likichomewa ovyo linaua.

Hapo ndipo penye kazi ya wenye mamlaka, na ndipo ninapowadai. SUMATRA ilikuwapo, na tangu 2019 ipo LATRA. Zipo halmashauri za Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga, zinazokusanya ushuru wa mazao yanayopita katika njia hizohizo. Kuhesabu viti tunajua, na kuandika faini tunajua. Lakini chombo cha umma kinachotoa leseni kinaweza pia kusema: katika njia hizi za udongo, gari la abiria litakuwa hivi, na atakayelileta hivi atapunguziwa ada. Mchoro mmoja uliokaguliwa na wahandisi, kila fundi wa bodi wa Morogoro ajenge kwa huohuo. Tunawatoza ushuru wa ziada wanaoleta magari yaliyochakaa. Sijaona ni kwa nini fedha kidogo za ushuru huo zisimlipe mhandisi mmoja mshahara wa mwaka, akapanda Noah kutoka Ifakara hadi Mlimba kupitia Mbingu na Chita, akashuka kusukuma kama sisi, kisha akachora. Gari pekee ambalo nimeona serikali ikilichagua kwa kuifikiria njia ni shangingi, na ndani ya shangingi huketi watu wanne.

Wengine wanasema tusubiri barabara. Lami ikifika, Noah itatosha. Barabara zimeanza kufika, si uongo. Daraja la Kilombero, mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kutuondolea hofu ya kivuko, ambacho kilipinduka Januari 2016. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ilizinduliwa mwaka 2024. Nilifurahi kama wengine. Lakini mpunga hauoti kando ya lami. Hata nchi zenye lami nyingi zina kilomita tatu za mwisho za udongo, na uchungu wa uzazi huanzia kwenye hizo tatu.

Mimi si mhandisi, lakini nimepata kukaa na seremala mmoja na futi yake, tukapima vitu vya kawaida vya bonde hili ili mwenye kuchora asiseme hakuambiwa. Mlango wa nyuma upitishe machela bila kuiinamisha upande, na sakafu iwe na urefu wa kumlaza mtu mzima, benchi moja likikunjwa. Benchi ligawanywe kwa mapana ya watu wanaolima, si ya watoto wa shule. Magunia yawe na mahali pake chini, mbele ya ekseli ya nyuma, yasiwe juu ya mapaja ya mtu. Madirisha yafunguke yote, kwa joto la Januari. Na kidato cha kupandia kisipite goti la mama aliyebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi, kwa sababu siku zote tumemwona akivutwa mkono na utingo ili apande, na mkono ule ndio wenye kikapu.